Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia Wakati wa Wimbi la Joto: Hatua kwa Hatua

Wimbi la joto likiingia, mvuvi wa trauti hujikuta na swali ambalo miezi mingine halimsumbui: niende mtoni au nibaki nyumbani? Utabiri wa hali ya hewa hauwezi kulijibu peke yake. Jibu limo ndani ya maji, na chombo cha kulisoma ni kipimajoto kidogo kinachotosha mfukoni. Kama huna, kitafute kabla hujanunua nzi mwingine hata mmoja, yaani kile chambo bandia cha ndoana kinachomwiga mdudu.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustarehe zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakipanda juu ya hapo, mambo mawili humbana kwa pamoja. La kwanza, maji yenye joto hushika oksijeni kidogo: kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hushika takriban miligramu 11.3, ya nyuzi 20 hushika 9.1, na ya nyuzi 25 hushika 8.3 tu. La pili, mwili wa samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo maji yakipata moto mwili nao hufanya kazi kwa kasi na kudai oksijeni zaidi. Mapato yanashuka siku ileile matumizi yanapopanda. Sasa mnase samaki huyo, mkimbizane dakika tano, kisha umwinue juu apigwe picha. Hata akiondoka anaogelea, huenda akafa saa chache baadaye mahali usipomwona.

Hatua ya 1: Angalia joto la usiku

Wengi hutazama joto la juu la mchana. Namba ya kutazama kwanza ni ya usiku. Mto hulipa usiku joto ulilokopa mchana, na usiku ukishuka hadi nyuzi 10 au 12, alfajiri mto huanza upya. Usiku ukibaki kwenye nyuzi 20, mto unaamka na joto la jana, na la leo linawekwa juu yake. Ndiyo maana siku ya kwanza ya wimbi la joto inaweza kuvulika vizuri na siku ya nne isivulike kabisa, ingawa joto la hewa la mchana halikubadilika.

Kama mto unaokusudia una kituo cha vipimo kinachotoa takwimu mtandaoni, tazama saa 24 zilizopita: maji yalipanda hadi wapi, yakashuka hadi wapi, na saa ngapi. Tazama pia wingi wa maji. Mto uliopungua na kutandaa juu ya mawe hupata moto upesi kuliko mto uliojaa.

Halafu soma kanuni, na uzisome upya kila safari kwa sababu majira haya kanuni hubadilika hata katikati ya wiki. Katika jimbo la Montana, Marekani, mamlaka ya wanyamapori hufunga vipande vya mito kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku joto linapozidi. Kwa miaka mingi kigezo kilichozoeleka kimekuwa nyuzi 73 za Farenhaiti, yaani karibu 23 za Selsiasi, kwa siku tatu mfululizo. Wakati mwingine hufungwa kila kitu. Agosti 2016 maili 183 za mto Yellowstone zilifungwa baada ya maelfu ya samaki aina ya whitefish kufa kwa ugonjwa wa figo unaoletwa na kimelea, na maji ya moto yaliyopungua yakauzidisha makali. Kimelea husafiri kwenye viatu vyenye tope. Kwa hiyo osha viatu na wavu, uvikaushe, kabla ya kuhamia mto mwingine.

Hatua ya 2: Chagua maji yanayostahimili

Mto wa bondeni, mpana, usio na kivuli, usahau mpaka joto lipite. Una chaguo tatu hivi.

Lililo la uhakika zaidi ni mto unaotoka chini ya bwawa kubwa. Maji ya bwawa lenye kina hujipanga kwa matabaka, yaliyo mazito na baridi yakakaa chini, na bwawa likifungulia kutoka sakafuni mto ulio chini yake hubaki baridi kiangazi kizima. Ulizia, maana yapo mabwawa yanayomwaga maji ya juu, na hayo hayakusaidii kitu. Pia kila kilomita unayoteremka mbali na ukuta wa bwawa, maji yanapata jua zaidi. Na uwe macho: wakianza kuzalisha umeme maji hupanda ghafla. Ukiona mawe yaliyokuwa makavu yanalowa, toka mtoni kwanza, maswali baadaye.

La pili ni mto wa chemchemi. Maji yatokayo ardhini huwa karibu na wastani wa joto la hewa la mahali hapo kwa mwaka mzima, na wimbi la joto la wiki moja haliyafikii.

La tatu ni kupanda juu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na vijito vya milimani vinavyopita kwenye makorongo yenye kivuli huweza kubaki nyuzi 12 wakati bonde linatokota. Samaki wa huko ni wadogo na wenye njaa. Kwa maoni yangu hakuna uvuvi mtamu kama huo kwa siku za joto, na sijui kwa nini watu huudharau.

Lipo pia jaribu la kuligusia mapema. Mto ukipata moto, trauti hukusanyika kwa makumi pale kijito baridi kinapoingia au chemchemi inapochimbuka chini ya ukingo. Utawaona wamepangana bega kwa bega, hawasogei. Wapo hapo kwa sababu pengine pote hapavumiliki, na ukimfukuza mmoja kwa mshipi unamtoa kwenye maji pekee yanayomweka hai. Pita kwa mbali. Usitie hata mguu.

Hatua ya 3: Nenda alfajiri, usidanganywe na jioni

Hapa ndipo hata wazoefu huteleza. Jua likishuka, upepo ukaanza kuvuma, ngozi inakuambia kumepoa, na unakimbilia mtoni kuvua magharibi. Lakini maji hayapoi kwa kasi ya hewa. Mito mingi hufikia kilele cha joto kati ya saa kumi alasiri na saa moja jioni, na mingine hubaki hapo hadi giza liingie. Saa ile unayojisikia vizuri wewe, samaki yuko kwenye saa yake mbaya kuliko zote.

Maji huwa baridi zaidi karibu na mapambazuko. Kwa hiyo uwe umefunga nzi na kusimama ukingoni kunapopambazuka, na ujue kwamba kipindi chako kinaweza kuisha saa nne asubuhi, pengine mapema zaidi. Wanaopenda kuamka polepole wataona uchungu hapa.

Kuna kasoro moja ya alfajiri. Katika mito inayotiririka taratibu na kujaa majani ya majini, mimea hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa kabla jua halijatoka ingawa maji ni baridi. Kwenye mito ya namna hiyo subiri jua liguse maji kidogo, au nenda kwenye maji yanayoporomoka.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kufunga nzi

Ukifika, acha fimbo kwenye mfuko wake. Funga kipimajoto kwa kamba, ingia hadi magotini mahali penye mkondo, kizamishe hadi urefu wa kiwiko, ndani ya kivuli chako, ukiache dakika mbili. Kisome kikiwa bado ndani ya maji au mara tu kinapotoka. Ukikiinua juani ukaanza kufuta miwani, kimeshapanda. Maji ya ukingoni yaliyotuama yatakudanganya kwa nyuzi mbili tatu, kwa hiyo usipimie hapo kwa uvivu.

Chini ya nyuzi 18, vua, ukifuata uangalifu ulioelezwa hapa chini. Kati ya 18 na 20, vua ukijua uko ukingoni: mnase, mlete haraka, mwachie, na upime tena kila nusu saa. Ikifika 20, kunja fimbo. Kwa trauti wa vijito wa Amerika, Salvelinus fontinalis, na yule wa koo jekundu, Oncorhynchus clarkii, mimi huacha kuvua kwenye 18, kwa kuwa hawavumilii joto kama trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua. Kwenye 23 wengi huwa hata hawali, na karibu na 25 maji yenyewe, yakikaa hivyo kwa muda, yanatosha kuwaua bila msaada wa mvuvi.

Mtu atakuambia kwamba jana alivua kwenye 22 na samaki wote waliondoka salama. Aliona wakiondoka, hakuwaona saa sita baadaye.

Hatua ya 5: Funga zana nzito kuliko kawaida

Kiangazi maji huwa machache na maangavu, na mazoea husema tumia uzi mwembamba ili samaki asishtuke. Wakati wa joto kali shauri hilo ligeuze. Uzi mwembamba hukulazimisha kumbembeleza samaki muda mrefu, na muda ndio unaomuua. Kwenye kipande cha mwisho cha mshipi, pale nzi anapofungwa, acha 6X yenye unene wa milimita 0.13 na uweke 4X ya 0.18 au 3X ya 0.20. Ukivua maji yanayokimbia, samaki hana nafasi ya kukagua uzi. Ana sekunde moja ya kuamua ale au asile. Kwenye maji yaliyotulia ongeza urefu wa kiongozi, yaani uzi unaounganisha mshipi na nzi, hadi mita tatu na nusu badala ya kupunguza unene, jongea kutoka chini ya mkondo, inama, na uangalie kivuli chako kinaangukia wapi.

Ndoana iwe haina kijino. Kama ina kijino kiminye kwa koleo mpaka ukipitisha kwenye shati kisikwame. Wavu uwe wa mpira. Wavu wa kamba za nailoni hukwangua ute unaolinda ngozi ya samaki. Fimbo namba tano (namba ikipanda fimbo ina nguvu zaidi) inatosha mito mingi, na usije na namba mbili eti ndiyo yenye raha.

Hatua ya 6: Tafuta maji yenye povu, funga wadudu wa nchi kavu

Miezi ya baridi trauti hupenda vilindi vya polepole. Joto likipanda huhamia kwenye maji yanayopasuka juu ya mawe, kwenye mifereji iliyo nyuma ya majabali, na kwenye vichwa vya vilindi pale maporomoko yanapoangukia, kwa sababu maji yanayochafuka huchanganyika na hewa. Wageni wengi hupita juu ya maji hayo wakiyaona ni membamba mno. Mahali panapokufika magotini, penye jiwe kubwa kama meza na mstari wa povu ubavuni mwake, panaweza kuwa na samaki wawili. Simama karibu, mita nne au tano, inua fimbo juu ili mshipi usiguse mikondo iliyo katikati, na uache nzi wako apite kwenye ule mstari wa povu bila kuburutwa.

Kuhusu nzi, kiangazi ni msimu wa wadudu wa nchi kavu wanaodondoka majini: panzi kwenye ndoana za namba 8 hadi 12, mbawakawa 12 hadi 16, sisimizi 14 hadi 18. (Namba ikipanda ndoana inapungua, kwa anayeanza.) Panzi huwa na nguvu zaidi jua likipasha nyasi, na saa hizo mara nyingi ndizo unazotakiwa kuwa umeshaondoka; kwa hiyo mimi huamini sisimizi zaidi, maana trauti humla sisimizi saa yoyote. Kwenye mito yenye vidudu vidogo vya Tricorythodes, asubuhi utaona wingu lao jeupe juu ya maji, kisha wanaanguka wamekufa na samaki wanainuka kuwanywa kwa utulivu. Uvuvi huo unadai ndoana za 20 hadi 24 na uzi mwembamba, kwa hiyo ufanye tu maji yakiwa baridi kwelikweli, chini ya nyuzi 16.

Samaki wasipoinuka, mfunge nzi mkubwa wa kuelea, kisha kwenye mkunjo wa ndoana yake ning'iniza kwa nusu mita nzi mdogo wa kuzama mwenye shanga ya tungsteni, Pheasant Tail au Hare's Ear. Yule wa juu anakuwa boya. Akisita tu, hata kwa kufumba na kufumbua, inua.

Hatua ya 7: Mlete upesi

Samaki akinasa, usifurahie mapambano. Shusha fimbo ubavuni, karibu na maji, uvute kwa pembeni kinyume na anakoelekea. Akigeuza kichwa, badilisha upande. Fimbo iliyosimama wima inapendeza kwenye picha lakini nguvu yake haimfikii samaki. Teremka naye badala ya kumburuta dhidi ya mkondo, mwelekeze kwenye maji yaliyotulia, na mwingize wavuni kichwa kwanza. Samaki wa sentimita 35 asizidi dakika moja na nusu. Akizidi, shikilia mshipi kwa mkono uvute moja kwa moja: ama anakuja, ama uzi unakatika, na yote mawili ni heri kwake.

Hatua ya 8: Mwachie bila kumtoa majini

Hili lina ushahidi wa maabara. Mwaka 1992 Ferguson na Tufts walichapisha jaribio ambamo trauti wa upinde wa mvua walikimbizwa hadi wakachoka. Waliobaki majini baada ya hapo, asilimia 88 walikuwa hai saa 12 baadaye. Waliowekwa hewani sekunde 30 walibaki asilimia 62. Waliowekwa sekunde 60 walibaki asilimia 28. Sekunde sitini ni muda wa kutafuta simu, kufungua kamera na kumwambia mwenzako asogee kidogo kushoto.

Basi picha ziache. Wavu ubaki ndani ya maji, mikono ilowe kwanza, koleo liwe limening'inia kifuani na si ndani ya begi. Shika ndoana, geuza, itoke. Usimminye tumbo na usiguse matamvua. Kama ameimeza, kata uzi karibu na mdomo. Atapona na ndoana ndani kuliko atakavyopona na upasuaji wako.

Kisha mshikilie wima, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mahali penye mwendo wa wastani. Usimsukume mbele na nyuma kama wafanyavyo wengi. Maji yanayoingia kwa nyuma hayafuati njia yake ya kawaida kwenye matamvua. Tazama vifuniko vya matamvua. Mwanzo vitafunguka na kufunga kwa pupa, bila mpangilio. Vikianza kwenda sawasawa, na mkia ukakaza mkononi mwako, legeza vidole aondoke mwenyewe. Akilala ubavu, endelea kumshikilia hata robo saa ipite, na baada ya hapo usitupe nzi tena siku hiyo hata kama kipimajoto kinasema 19. Samaki huyo amekupa kipimo kingine.

Na kama kanuni za mahali zinaruhusu kuchukua samaki wa kula, kiangazi kikali ndicho wakati wa kufanya hivyo kwa akili safi: chukua mmoja au wawili, wapige kichwani mara moja, watumbue, waweke kwenye barafu, uache kuvua. Kuachia samaki ishirini kwenye maji ya moto kunaweza kuua wengi kuliko kula wawili.

Hatua ya 9: Jilinde mwenyewe

Acha suruali za mpira nyumbani, ingia majini na kaptura na viatu vya kushika mawe. Kunywa maji kabla ya kiu, na vaa kofia yenye ukingo mpana. Ukiacha kutoka jasho, kichwa kikauma na maneno yakaanza kukupotea, hiyo ni hatari: kaa ndani ya mto, lowesha shingo na kichwa, uitishe msaada. Wimbi la joto mara nyingi huvunjika kwa radi za alasiri, na fimbo ya kaboni hupitisha umeme vizuri mno. Ukisikia ngurumo ya kwanza, iweke chini na uondoke majini.

Maji yakikataa kabisa

Ukipima alfajiri ukakuta tayari ni nyuzi 20, huna haja ya kurudi nyumbani na fimbo kavu. Karpi na besi hufurahia maji ambayo trauti anayakimbia, na besi wa mdomo mpana hula vizuri kwenye nyuzi 25. Karpi anayechimbua tope kwenye maji ya kina cha magoti atakufundisha kulenga kuliko trauti yeyote: mtupie nzi wa kuzama, wa rangi ya tope, sentimita 20 mbele ya mdomo, umwache atue, na usivute mpaka umwone amegeuza kichwa. Hapo tumia uzi wa 1X au 0X, na uhakikishe rili yako ina mshipi wa akiba, kwa sababu karpi mkubwa akishtuka hukimbia mita thelathini bila kugeuka.